Mheshimiwa, Hakuna Aliyekufa

Kwa Mheshimiwa sana Mwenyekiti wa Jopo la Majaji, mashindano ya kimataifa ya muziki, huko Ulaya.

Mheshimiwa,

Shikamoo. Naamkia bila kujua umri wako, kwa sababu picha yako kwenye tovuti ina nywele nyeusi tii, lakini orodha ya tuzo zako ni ya mtu aliyeishi mara mbili. Ikitokea kwamba mimi ndiye mkubwa, basi naomba salamu hiyo uihesabu imefutwa, na yako naipokea kabisa: marahaba.

Utaniwia radhi kwa kutokutaja jina lako wala la mashindano yenu. Huku kwetu Marangu mtu mzito haitwi kwa jina mbele ya kadamnasi. Hata kukuandikia hadharani namna hii ni utovu wa adabu, nisingethubutu, ila barua pepe zangu tatu zilijibiwa upesi mno, kila moja kabla sijavua miwani, na mhudumu mmoja mpole sana anayejiita Usijibu. Nikaona nisizidi kumsumbua. Inaelekea halali.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na kwa miaka thelathini na moja nimefundisha matarumbeta katika usharika wetu wa Kilutheri. Binti ninayeandika kwa ajili yake ni mwanafunzi wangu, ana miaka 22, anapiga tromboni. Tromboni yenyewe ilikuja kutoka Ujerumani, zawadi ya usharika rafiki, ikiwa na bonde kwenye mrija wa kuvuta. Fundi wa pikipiki pale Marangu Mtoni ndiye aliyelinyoosha, kwa kijiti cha mti na subira, na mpaka leo tunaulainisha kwa mafuta ya cherehani. Naeleza haya si kwa kulalamika, Mheshimiwa. Ni kwa sababu fomu yenu, ukurasa wa pili, iliuliza aina ya chombo na jina la mtengenezaji, nami sikujua nimwandike Mjerumani au fundi wa pikipiki. Niliwaandika wote wawili.

Kanuni zenu tulizisoma kwa heshima, kwa sauti, baada ya mazoezi ya Jumatano, kijana mmoja akitafsiri. Ada ya kujiandikisha tuliipata: kwaya ya akina mama ilichanga, mzee mmoja akauza mikungu sita ya ndizi, na mhazini akaazima kadi ya benki ya shemeji yake kwa kuwa pesa za simu hamzipokei. Barua mbili za maprofesa zilitutoa jasho. Profesa mmoja tulimpata, Mungu ambariki. Ya pili niliandika mimi, na mkanijulisha kwamba sina cheo kinachotambulika. Nakubali. Sina.

Lakini kilichonifanya nichukue kalamu ni kanuni ya saba: rekodi iwe ya picha na sauti, isikatwe wala kuunganishwa, ifanyike mahali patulivu, pasiwe na sauti nyingine, na asionekane mtu ila mshindani na mpiga piano wake.

Wimbo wa lazima wa raundi ya kwanza ulitufurahisha kupita kiasi. Ni ile konsetino ya tromboni ya Ferdinand David. Wewe unaijua kuliko mimi, lakini wasomaji wa hapa wataniruhusu niwaambie kwamba David alikuwa kiongozi wa wapiga fidla wa okestra ya Gewandhaus mjini Leipzig, na kwamba kazi hiyo ilisikika humo mara ya kwanza mwaka 1837, mpigaji akiwa Karl Queisser. Leipzig, Mheshimiwa! Wamisionari waliotuletea Ulutheri huku mlimani Kilimanjaro mwaka 1893 walitumwa na misheni ya Leipzig. Hans Meyer aliyefika kileleni mwaka 1889 alikuwa mtu wa Leipzig. Alivunja kipande cha jiwe la kilele na kwenda kumpa Kaisari wake nusu. Hakuombwa barua za maprofesa wawili. Alipewa watu wa kumwonyesha njia, akapita. Nyimbo za Bach, ambaye alikuwa mwalimu wa muziki wa kanisa mjini humo kuanzia 1723 hadi alipofariki 1750, zimo vinywani mwetu kila Jumapili. Tulipoliona jina la David tukasema, kumbe ni shemeji.

Tukarekodi kanisani, kwa simu, iliyoegemezwa kwenye kitabu cha nyimbo.

Mara ya kwanza ilinyesha. Mheshimiwa umewahi kukaa chini ya bati mvua za masika za Kilimanjaro zikishuka? Binti alipiga mpaka mwisho. Kwenye rekodi anaonekana anapuliza, mashavu yamejaa, mrija unakwenda na kurudi, na kinachosikika ni mvua peke yake.

Mara ya pili umeme ulikatika. Piano yetu ni kinanda cha umeme. Mwenzake akabaki anabonyeza vitufe vilivyokufa, uso umemwiva kwa aibu, naye binti hakusimama. Aliendelea peke yake kurasa mbili nzima, akihesabu mapumziko ya piano kwa kichwa, mpaka umeme ukarudi na mwenzake akadaka palepale. Kwa maoni yangu madogo hapo ndipo alipostahili tuzo. Sikuituma. Mlisema piano isikike.

Mara ya tatu anga lilikuwa jeupe, umeme upo, bodaboda tumewaomba wazime injini pale kona, nao walizima. Sehemu ya kwanza ikaenda kama maji ya mfongo, mfereji wetu wa mlimani. Kisha ikaja ya pili.

Mheshimiwa unafahamu kwamba sehemu ya pili ya kazi ile ni mwendo wa kusindikiza jeneza. Na hapa sina budi kukueleza huyu binti kajifunzia wapi. Wachagga tunazikana vihambani, nyumbani kwetu, chini ya migomba. Kundi la matarumbeta hutangulia, jeneza hufuata, na njia ina utelezi. Mpigaji akiharakisha, wabebaji watateleza. Kwa hiyo tangu ana miaka kumi na mitatu, Jumamosi baada ya Jumamosi, amekuwa akipiga huku akisikiliza miguu ya watu sita nyuma yake. Kasi ya mwendo ule hakuitoa kwenye mashine ya kugonga mapigo.

Ilikuwa siku ya soko. Akina mama wanapanda kutoka Mtoni na vikapu, dirisha la kanisa liko wazi. Wanasikia tromboni, wanasikia ni ya msiba. Watafanyaje? Mtu mwenye malezi hapiti msibani akaenda zake. Wakatua mizigo mlangoni, wakajifunga kanga vizuri, wakaingia. Kwenye rekodi, dakika ya nane hivi, utawaona watano wakipita nyuma ya mpiga piano kwa vidole vya miguu na kuketi benchi la tatu. Mmoja, mama wa makamo, anajifuta macho kwa ncha ya kanga. Mwingine ananisogelea, na sauti yake imeingia: ananiuliza ni nani amefariki.

Nami, kwa kuwa sikutaka kuharibu rekodi, nikamjibu kwa kunong'ona: hakuna aliyekufa. Na hilo nalo limeingia. Akanitazama kama mtu aliyetapeliwa, lakini hakuondoka. Walikaa wote mpaka mwisho.

Hiyo ndiyo tuliyowatumia. Jibu lilisema rekodi haikukidhi vigezo vya kanuni ya saba, na ada hairudishwi.

Sibishi, Mheshimiwa. Nauliza tu, kama mzee mshamba anavyouliza: utulivu mnaoutaka unauzwa wapi? Nimeambiwa zipo studio za saa, zenye piano ya kweli. Basi ada mngeigawa mara mbili, ndogo ya muziki na kubwa ya ukimya, tujue tunashindania nini. Kijana wa mji wenye ukumbi mzuri anapewa ukimya bure, kama sisi tunavyopewa maji.

Najipa moyo kwa Bach, maana alijua kuandika barua za unyenyekevu kuliko mimi. Mwaka 1721 alimpelekea mkuu wa Brandenburg konseto sita pamoja na barua ya Kifaransa iliyoinama mpaka chini. Kazi kwake hakupata. Mwaka uliofuata wakubwa wa Leipzig walimtaka Telemann, akakataa. Wakamtaka Graupner, bwana wake akamkatalia ruhusa. Ndipo wakamchukua Bach, chaguo la tatu. Majaji wote hao, nina hakika, walifuata kanuni.

Ombi langu ni dogo. Sitaki mbadili matokeo. Naomba wewe binafsi uisikilize rekodi ile kuanzia dakika ya saba, usiifunge kabla yule mama hajakaa.

Huku kwetu mtu akimkosea mkubwa, au akiwa na shida asiyoweza kuitamka, huchukua jani la isale, akalifunga fundo, akampelekea. Anayeletewa isale hakatai. Nilitaka kulitia langu kwenye bahasha, nikaambiwa mmea hauingii Ulaya bila cheti cha afya ya mimea. Kwa hiyo nimelipiga picha, likiwa na fundo lake, juu ya benchi la tatu, na nimeliweka kwenye kile kisanduku cha fomu yenu kilichoandikwa "nyaraka nyingine". Picha haijazidi megabaiti mbili.

Wako mtiifu daima,

Mwalimu wa matarumbeta (asiye na cheo kinachotambulika), Marangu.