Mpwa Wangu Sasa Ni Mimi

Sikutaka kuuza kitu. Nilitaka kugawa, tena kumgawia mpwa wangu wa damu, mtoto wa dada yangu, ambaye kwa mila zetu akiingia kwangu hufunua sufuria kabla hajasalimia na hakuna wa kumuuliza. Vidole vyangu vimekuwa vizito, watoto wa juzi wananifunga saba bila hata kukaa sawa kwenye kochi, nikaona gemu zangu zote zimwendee kijana. Mashine ilikwenda Tanga bila maswali. Niliifunga kwenye kanga kuukuu, nikaitia kwenye boksi la biskuti, kondakta akapokea nauli ya mzigo na kuandika jina la mpwa. Jioni kijana akaichukua stendi. Plastiki, nyaya, pedi mbili, vyote vikawa vyake. Zilizogoma kupanda basi ni gemu zenyewe, ambazo hazina uzito wowote.

Nikaiandikia kampuni yenye duka la mtandaoni nilikozinunua (jina nalihifadhi, maana bado wana kadi yangu ya benki). Majibu yakaja haraka kuliko nilivyowahi kujibiwa na ofisi yoyote: wamefurahi kusikia napenda gemu zao, wananishukuru kwa kuwa mteja wa muda mrefu, na haiwezekani. Kumbe sikununua gemu. Nilinunua ruhusa ya kucheza, ruhusa hiyo ni ya mwenye akaunti peke yake, na akaunti yenyewe haihamishiki. Yote yameandikwa kwenye masharti. Nani amewahi kuyasoma yale masharti? Hata aliyeyaandika nina shaka naye.

Enzi za CD mambo haya yalikwisha kwa mkono. Unatoka Kariakoo na gemu ya mpira, wiki ya kwanza unacheza wewe, ya pili iko kwa jirani, ya tatu hujui iko wapi ila unasikia kuna mtu Mwananyamala anatamba nayo. Ilirudi na mikwaruzo, tukaipaka dawa ya meno, tukaifuta kwa fulana, ikacheza. Wakubwa walijaribu kutuzibia njia hiyo mapema. Mwaka 2013 Microsoft walitangaza mashine ya Xbox One na utaratibu wake: CD unaweza kumpa rafiki, lakini mara moja tu, na awe rafiki yako kwenye orodha yao kwa siku zisizopungua 30. Urafiki wenye kipindi cha majaribio! Sony wakawajibu kwa video fupi ya mafunzo ya kuazimana gemu: mtu anamkabidhi mwenzake boksi, mwenzake anasema asante, mafunzo yamekwisha. Watu wakacheka, wakapiga kelele, na kabla Juni haijaisha Microsoft wakayafuta masharti yao.

Tukashangilia. Halafu wenyewe, kwa hiari, tukaacha CD kwa sababu kuinuka kwenye kochi kwenda kubadilisha ni kazi. Mwaka 2020 Sony hao hao wakatoa aina ya PlayStation 5 isiyo na hata tundu la kuingizia CD, wala hakuna aliyepiga kelele.

Wafaransa walikwenda mahakamani. Chama chao cha watumiaji, UFC-Que Choisir, kiliishtaki Valve, wenye duka la Steam, kikitaka watu waruhusiwe kuuza gemu walizokwisha kuzilipia. Mwaka 2019 mahakama ya Paris ikasema sawa, wauze. Mwaka 2022 mahakama ya rufaa ikasema hapana, na 2024 mahakama ya juu ikaipigilia msumari hiyo hapana. Kinachonikera ni kwamba Ulaya hiyo hiyo, mwaka 2012, katika kesi ya Oracle na kampuni ya UsedSoft, ilikwisha kuamua kwamba programu ya kompyuta uliyoipakua na kuilipia unaweza kumuuzia mwingine. Kwa hiyo programu ya mhasibu inauzika, mpira hauuziki. Majaji wa Paris wakasema gemu si programu tupu. Ina muziki, ina picha, ina hadithi. Tena nakala ya mtandaoni haichakai, kwa hiyo iliyotumika ingeshindana sokoni na mpya. Hebu isome tena hiyo. Gemu yangu imenyimwa haki ya kwenda Tanga kwa kosa la kutochakaa. Ningeweza kuipaka mikwaruzo ningeipaka.

Wamarekani wao wametatua tatizo kwa tangazo. Jimbo la California lina sheria, iliyoanza kutumika 2025, inayomtaka muuzaji akwambie wazi kwamba anachokupa ni leseni, asijifanye anakuuzia. Steam waliwahi, tangu Oktoba 2024 ukifika kwenye kulipa unakuta maneno hayo. Sasa unaibiwa kwa adabu.

Atatokea mjuaji aniambie siku hizi kuna mpango wa familia. Ninaujua. Kule Steam mnaungana watu 6 wa nyumba moja, mnachezeana gemu. Watu 6! Hao kwangu hawatoshi kuzunguka sinia la wali Ijumaa. Mpwa wa Tanga hahesabiwi kuwa wa nyumba yangu, ingawa godoro analolalia akija analo na mswaki wake uko bafuni. Mmoja akidanganya kwenye mchezo kwa gemu yako, na wewe mwenye gemu unafungiwa. Na mtu mzima akitoka, hajiungi na familia nyingine mpaka utimie mwaka tangu alipoingia. Mjane wetu hukaa eda miezi minne na siku kumi, na huyo amefiwa.

Nilipotaja eda nikakumbuka mirathi, nikachanganyikiwa zaidi. Mei 2024 mchezaji mmoja aliwauliza Steam kama anaweza kuziandika gemu zake kwenye wosia. Wakamjibu kwamba akaunti haihamishiki, hata kwa wosia. Nikamwendea sheikh wa msikiti wetu baada ya alasiri, nikitaraji faraja. Nikamweleza kwamba nina mali, nimeilipia miaka yote hii, nataka kujua kama inaingia kwenye theluthi ninayoruhusiwa kuusia.

"Unaweza kuiuza?"

"Hapana, sheikh."

"Kuigawa?"

"Hapana."

"Kuiazima?"

"Kwa watu wa nyumba moja."

Akatafakari, akauliza humo ndani mna nini. Nikasema mpira, na moja ya kuiba magari. Akaniambia hiyo ya magari niiache ife na mimi.

Wapo wenye utu kidogo. GOG, duka la Wapolandi, linakuachia uipakue gemu bila kufuli na kuiweka unapotaka. Kuhusu urithi walisema kwa kawaida akaunti haihamishwi, lakini ukiwaletea amri ya mahakama inayoitaja akaunti ya marehemu waziwazi, kwa jina alilolitumia au kwa baruapepe yake, watajitahidi. Nimemwonea huruma hakimu wetu wa Mahakama ya Mwanzo. Jina langu la kuchezea ni Shetani wa Penalti. Mke wangu amekaa kwenye benchi na ushungi mweusi, karani anasoma kwa sauti kuhusu mali za marehemu Shetani wa Penalti, na ndugu zangu wa Pangani wanatazamana.

Ikabaki njia ya mtaani, ambayo kila kijana anaijua: nikampa mpwa akaunti nzima, baruapepe na pasiwedi. Masharti yanakataza, kwa hiyo chukulieni naongelea mtu mwingine. Kampuni haimtambui mpwa. Inanitambua mimi, basi imebidi awe mimi. Nilipofungua akaunti ile, Tanzania haikuwemo kwenye orodha ya nchi, nikachagua Uingereza, na nchi ikishachaguliwa haibadiliki. Kwa hiyo kuna kijana anakaa Ngamiani, Tanga, anauza vocha mchana, ambaye usiku ni mzee wa Uingereza mwenye umri wa baba yake. Siku yangu ya kuzaliwa anapongezwa yeye. Akitukana watu uwanjani, onyo linaletwa kwangu. Juzi nimekaripiwa kwa Kiingereza kwa tusi ambalo hata silijui.

Tatizo lililobaki ni zile namba za kuthibitisha. Mfumo ukishtuka, unanitumia namba kwenye simu yangu, na zina dakika chache. Simu inaita saa saba usiku.

"Shikamoo mjomba, zile namba."

"Marahaba. Niko msibani."

"Poleni mjomba. Zinaisha muda!"

Ananiomba niweke namba yake ya simu badala ya yangu. Nimekataa. Katika vyote nilivyolipia, hicho ndicho pekee kilichonibakia mkononi, na sikiachii.

Ila dada yangu, mama yake, ana mdomo. Alimkumbusha mwanawe kwamba laini yangu imesajiliwa kwa alama za vidole vyangu, na siku nikiondoka vidole vinaondoka na mimi, laini inakaa kimya, mwisho inafungwa na kupewa mtu mwingine. Mpwa alinyamaza kwenye simu muda mrefu. Tangu hapo, kijana aliyekuwa akinitafuta tu anapoishiwa ananipigia kila asubuhi kuuliza kama nimemeza dawa za presha. Jana amempigia mke wangu akitaka kujua nani ananitilia chumvi.