Wazee Watoke, Mwamuzi Abaki

Mwaka 2018 Waaustralia walifufuliwa kipindi chao cha mashindano ya televisheni, Talkin' 'Bout Your Generation, kilichozimwa mwaka 2012. Mtangazaji alirudi yule yule, Shaun Micallef, na maksi zake alizogawa kwa jinsi alivyoamka. Kituo kilibadilika, kutoka Ten kwenda Nine. Manahodha wa timu, kila timu na kizazi chake, nao walibadilika, na hapo ndipo penye maneno.

Enzi za Ten, kuanzia 2009, Amanda Keller aliongoza kizazi cha baada ya Vita Kuu ya Pili, Charlie Pickering kizazi X, na Josh Thomas kizazi Y. Kwa Nine, wazee hawakupewa hata benchi. Robyn Butler alishika X, Andy Lee akashika Y, na Laurence Boxhall akaletwa kuongoza kizazi Z.

Uamuzi wa ajabu kidogo, kwa sababu wanaokaa mbele ya televisheni saa ya kipindi ikifika ni hao hao wazee. Kijana yuko na simu yake.

Shabiki wa kipindi kilichofufuliwa naye ana hukumu tayari kabla ya tangazo la kwanza: "Si kama zamani." Aliyewacheka wazee wa 2009 kwa kunung'unika sasa ananung'unika yeye, tena kwa ufasaha zaidi.

Wazee wenyewe wasihuzunike. Micallef, aliyegawa maksi, alizaliwa mwaka 1962. Ni wa kizazi kile kile kilichonyimwa timu.