Sisi Wavunja Mioyo

Nikipita karibu na banda la samaki hapa Luanda Kotieno naangalia upande wa ziwa, maana upande wa banda kuna watu wanaocheka.

Juzi wageni wa mradi mmoja walivuka kwa feri kutoka Mbita kuja kutusikiliza sisi wachuuzi wa omena. Nikasukumwa mbele niwe msemaji. Ujumbe ulikuwa mfupi: tuliahidiwa vichanja vya kuanikia, havijaja, tumevunjika moyo. Lakini mwezeshaji alitaka tuanze na hisia, tena kwa Kiingereza, kwa kuwa ripoti itasomwa mbali. Akagawa karatasi yenye duara la rangi.

Duara hilo lina mwenyewe: Gloria Willcox alilichapisha mwaka 1982, asiyejua kutaja anachohisi apate pa kuanzia. Katikati kuna hisia sita: sad, mad, scared, na za heri, joyful, powerful, peaceful. Kadiri unavyoelekea ukingoni zinazidi kuchambuka. Mzee mmoja, jaduong' wetu, aligeuza karatasi yake pande zote akauliza njaa iko kwenye rangi gani.

Mimi nikaona maneno ya katikati ni ya watoto. Nikavuta neno zito.

“We are very disappointing.”

Mgeni akaacha kutafuna biskuti. “All of you?”

Nikaona amelainika, nikakandamiza. “All of us! Since last year!”

Akaandika yote. Akanipa na mkono wa pole.

Binti wa kidato cha pili aliyekuwa akipanga viti ndiye aliyenivuta kando. “Anko, umewaambia sisi ndio tunaovunja watu moyo.”

Kumbe Kiingereza hukifunga kitenzi mkia. Mkia wa -ing ni wa anayerusha hisia, wa -ed ni wa anayeangukiwa: mhubiri ni boring, waumini ni bored. Sisi nasi tunatofautisha anayechosha na aliyechoka, ila tofauti yetu imeenea neno zima. Huwezi kulitamka bila kuamua umesimama wapi. Wao wameiweka mwishoni kabisa, pale sauti ya mtu mwenye hofu inapozimika. Halafu mkia wenyewe una ukabila. Aliyefurahishwa ni delighted, lakini aliyemfurahisha si delighting, ni delightful. Aliyeogopa ni scared, na kilichomtisha ni scary. Sad na mad zinatembea bila mkia wowote na hakuna anayeziuliza. Nimekesha na haya mambo kama mvuvi na taa zake, na kusema kweli yananipendeza kuliko yanavyonistahili.

Kinachoniudhi ni kwamba kila mtu pale bandani alijua Kiswahili, mwezeshaji akiwemo. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakitaja kuwa lugha ya taifa na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Haisemi popote kwamba omena huoza kwa Kiingereza. Omena inaanikwa chini, juu ya nyavu kuukuu. Mvua ikishuka kabla haijakauka inaharibika, na iliyokuwa chakula cha watu inaishia kuwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Mama aliyeinunua alfajiri kwa mkopo, mashua zilipotia nanga, anajua vizuri anachohisi. Alikisema siku hiyohiyo kwa Kijaluo, kwa sauti ya kusikika ng'ambo. Hakikuandikwa.

Zahanatini nako nilimwambia daktari “I am frightening”. Akasogeza kiti nyuma. Mwanangu ameniomba nisimsalimie mwalimu wake.

Ajenda ya mkutano ujao imeshafika. Vichanja havimo. Kwa kuwa wanakikundi walikiri wenyewe udhaifu wao, tumeandaliwa mafunzo ya siku mbili ya kujiamini.