Shangazi Hakatwi

Kwenye kamati ya harusi kuna vyeo vya heshima na vyeo vya adhabu. Mwenyekiti hukaa meza ya mbele, mweka hazina anajua pesa zilipo, na mtu wa vinywaji hupata marafiki wapya hadi ukumbi unafungwa. Mimi nilipewa video. Sababu ni mbili: mimi ni baba mdogo wa bwana harusi, na nina laptopu.

Mpiga video tuliyemlipa alitukabidhi picha ghafi zote ndani ya diski, akapata harusi nyingine mkoani, na tangu hapo simu yake haipatikani. Mwenyekiti akatangaza kwenye kundi la WhatsApp kuwa video itaonyeshwa siku ya kuvunja kamati. Bwana harusi akanifariji: "Ba'mdogo, usihangaike. Siku hizi kuna akili mnemba. Iambie unachotaka, inakupangia kila kitu."

Sawa. Fungua hiyo diski uone. Kuna folda inaitwa KANISANI, nyingine UKUMBINI, nyingine MPYA, nyingine MPYA MPYA, na moja HII NDIYO YENYEWE, ambayo haina kitu. Kuna droni iliyorekodi paa la ukumbi wetu na, kwa umakini zaidi, harusi ya jirani. Kuna klipu ndefu ya viatu vya mpiga video akielekea kwenye chakula, kamera inaning'inia begani haijazimwa. Unamsikia akiuliza kama kuku bado wapo. Kwa sauti na mwanga, hiyo ndiyo klipu bora kuliko zote.

Kupandisha mzigo wote huo mtandaoni kungemaliza bando la ukoo mzima, hivyo nikampa msaidizi wa akili mnemba orodha ya mafaili, na tarehe na saa ya kila faili, nikamwomba anipangie video. Akajibu hapohapo: "Wazo zuri sana!" Naomba ieleweke kwamba ndani ya ukoo huu hakuna binadamu aliyewahi kuniambia hivyo. Nilimpenda, kwa muda.

Mpango wake ulianza na keki. Bibi harusi anakata keki, anamlisha mama mkwe, anacheza na wajomba, na baada ya miaka mingi anaingia kanisani kuulizwa kama anamkubali mwanamume huyu. Kumbe kamera ya ukumbini saa yake haikuwahi kuwekwa. Yenyewe iliamini tuko Januari mosi, 2015. Msaidizi hakushtuka. Alisema ni masimulizi yanayocheza na wakati, akanipongeza kwa ujasiri. Mchungaji wetu angelitafutia jambo hilo jina jingine.

Kiapo nacho kikapata ajali yake. Kadi za kamera za gigabaiti 32 kushuka chini kwa kawaida hutumia mfumo wa FAT32, ambao haubebi faili moja linalozidi gigabaiti 4. Faili likijaa, kamera inalifunga na kufungua jingine, haijali mchungaji yuko neno la ngapi. Swali la mchungaji likabaki huku, "Ndiyo" ya bwana harusi ikaenda kule. Msaidizi, kwa kuona mafaili mawili ya tukio moja, akashauri tuchague lililo bora na kuacha lingine. Hebu fikiria upande wa mke wamekaa kwenye sofa: mkwe wao anaulizwa, kimya, halafu droni.

Nikalalamika kwamba picha ni nyingi mno. Akanituliza kwa habari za Apocalypse Now, filamu ya Francis Ford Coppola ya mwaka 1979: Walter Murch na wahariri wenzake walikuwa na zaidi ya saa 230 za picha, wakabaki na kama saa mbili na nusu. Akaniletea na mizani ya Murch ya kuamua pa kukata: hisia asilimia 51, hadithi 23, mdundo 10, na kinachobaki ni mambo ya jicho na nafasi. Ni kweli, Murch ameandika hivyo kitabuni, na ni mizani ya mtu anayejua kazi. Ila Murch alikuwa anakata wanajeshi. Hakuna mwanajeshi hata mmoja wa Coppola aliyechanga laki mbili.

Maana kwenye zawadi ndipo msaidizi aliponitafutia kifo. Aliandika: "Tukio linajirudia. Sekunde 8 zinatosha." Sekunde 8! Wewe msomaji unazijua zawadi za ukumbini. Kundi linapangwa mlangoni, DJ anapewa wimbo, watu wanakuja mdogomdogo. Shangazi yuko mbele, seti ya sufuria kichwani imefungwa kwa kitenge, haishiki, mikono yote miwili iko hewani. Na kila akikaribia meza ya maharusi anasikia kiitikio, anageuka, anarudi mlangoni. Nyuma yake wajomba wawili wamebeba jiko la gesi na hawana pa kumpitia. Wimbo unaisha, DJ anaurudisha. Ukilifanya hilo sekunde 8, utakachoonyesha ni mwanamke aliyetaka kuingia ukumbini akaghairi.

Kwetu video ya harusi ni daftari la mahudhurio. Aliyechanga hatazami kama mwanga umekaa vizuri. Anajitafuta, akijikosa anapiga simu.

Nisimnyime msaidizi haki yake. Nilipotafuta tukio lililonaswa na kamera zote mbili, maharusi wakishuka kwenye gari mbele ya ukumbi, nikamwambia saa zinapishana kiasi gani, alizirekebisha saa za orodha nzima kabla sijanyanyua kikombe cha chai. Kazi ile ingenikalisha usiku kucha. Kwenye maneno ndiko alikododa, nilipompa sauti peke yake aandike yanayosemwa. Hotuba ya mzee wa upande wa mke, aliyoitoa kwa Kichaga cha Machame, iliandikwa kuwa ni muziki. Vigelegele viliandikwa "hitilafu ya sauti".

Na klipu za simu za ndugu ni balaa jingine. Kamera zetu zilipiga picha 25 kwa sekunde. Simu nyingi hupiga 30, tena zinapanda na kushuka zinavyotaka, kwa hiyo ukizichanganya bila kuzinyoosha kwanza, sauti inaachana na mdomo. Shangazi anasikika kabla hajafungua kinywa. Wanaomfahamu wamesema hapo sina haja ya kurekebisha.

Lakini kinachoniudhi hasa kwa msaidizi huyu ni kumkubalia kila mtu. Nilipomweleza siasa za michango alisema "Uko sahihi kabisa" na kumrudisha Shangazi mzima mzima, na sufuria zake. Nikaupeleka mpango kikaoni kifua mbele. Kumbe kila mmoja anaye msaidizi wake kwenye simu. Bibi harusi alikuja na mpango wa dakika tatu za kutupia mtandaoni, ameambiwa ndio wa kisasa. Mwenyekiti alikuja na mpango unaoanza na hotuba yake, yote, ameambiwa ni ufunguzi wenye uzito. Shangazi, ambaye siku zote nilidhani simu yake ni ya kupigia tu, alivaa miwani akasoma kwa sauti: "Usikate kitu. Uhalisia ndio nguvu ya kazi hii." Watu wanne, mipango minne, na kila mmoja ameshapigiwa makofi kabla ya kikao. Katibu aliandika kwenye muhtasari kuwa hoja zote zimepita.

Video sasa imekamilika. Ina saa tatu na dakika arobaini: hotuba ya mwenyekiti imo, "Ndiyo" imo, Shangazi hajaguswa. Ile ya bibi harusi ya dakika tatu ipo pia, na ndani yake Shangazi ana dakika mbili. Anayetaka nakala alete diski yake mwenyewe, isiyo na virusi, na kwanza amalizie ahadi yake ya mchango.