Samaki Mjamzito kwenye Ufuko wa Wafu

Mapumziko ya ufukweni, yaani zile siku chache ambazo mtu hulipa fedha nyingi ili asifanye lolote, yana kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa, na jambo hilo hudhihirika hasa kati ya Desemba na Machi, wakati watu wa Kanada na wa kaskazini mwa Marekani wanapoikimbia theluji na kushukia Mexico, kwenye pwani ya Bahari ya Pasifiki, ambako nyangumi wenye nundu nao huwa wamekwishawasili kwa shughuli zao za kupandana na kuzaa. Nyangumi, kwa kadiri inavyoonekana, hawapati tabu yoyote. Tabu ni ya wale wageni wengine.

Mji wa Puerto Vallarta, katika jimbo la Jalisco, unatosha kuwa mfano, kwa kuwa una ghuba pana iitwayo Bahía de Banderas, una mchana wa nyuzijoto zinazokaribia 28 katikati ya Januari, na una ufuko mashuhuri uitwao Playa de los Muertos, maana yake Ufuko wa Wafu. Jina hilo halimzuii mtu kuagiza chakula. Kinachouzwa hapo, miongoni mwa vingine, ni samaki aliyetungwa kwenye kijiti na kuchomwa juu ya makaa, ambaye Mombasa au Tanga angeitwa mshikaki bila mjadala, lakini hapo huitwa pescado embarazado, yaani samaki mjamzito. Maelezo yatolewayo mara nyingi ni kwamba huo ni mchezo wa maneno uliotokana na en vara asado, “aliyechomwa kijitini”, ambayo ikitamkwa harakaharaka huangukia kwenye neno la mimba. Mgeni aliyejifunza Kihispania kwa wiki mbili kwenye simu hana habari hizo; husoma ubao, hutafsiri neno kwa neno, humtazama samaki kwa masikitiko, kisha huuliza kama hakuna mwingine asiye na hali hiyo. Anapochekwa na meza tatu za jirani, hutaka kusema kwamba ameona haya, na kwa kuwa hajui neno lenyewe hulichukua la Kiingereza na kulivisha mwisho wa Kihispania, hivyo akawa ametangaza hadharani kwamba mwenye mimba ni yeye.

Mgeni wa aina ya pekee ni yule mzaliwa wa Pwani ya Waswahili aliyehamia Toronto, kwa sababu yeye hufika akiwa na hakika kwamba nazi, ndimu na pilipili ni vitu vya kwao na kwamba hakuna wa kumfundisha. Husahau, au hakuwahi kuambiwa, kwamba pilipili ilianza kupandwa na watu wa Mexico maelfu ya miaka kabla ya meli za Wareno kuisambaza hadi Afrika katika karne ya 16, na kwamba kujigamba kwa pilipili mbele ya Mmexico ni sawa na kwenda Pemba kuwafundisha watu karafuu. Huagiza aguachile, chakula chenye asili ya jimbo la Sinaloa, ambacho ni kamba wabichi waliolowekwa kwenye maji ya ndimu na pilipili mbichi zilizosagwa, akivutwa na lile neno agua, maji, linaloahidi ubaridi. Kwa tahadhari huuliza “¿pica?”, yaani “inawasha?”, kitenzi ambacho Kihispania hukitumia pia kwa mbu anapouma, naye mwuzaji hujibu “no pica”, jibu ambalo ni la kweli kabisa, ila kwa mdomo wa mwuzaji.

Yanayofuata yana mpangilio usiobadilika. Kwanza hutokea jasho chini ya macho. Kisha masikio huanza kusikia mambo ambayo hayasemwi. Kisha mkono, ambao umemenya kamba kwa vidole bila uma, hupanda kufuta chozi, na jicho nalo hupata sehemu yake. Mgeni huyo hunywa maji, kosa la kisayansi, kwa maana kapsaisini, ile kemikali ya pilipili inayoihadaa mishipa ya fahamu iamini kwamba kuna moto, haiyeyuki vizuri katika maji, na bilauri ya maji huitembeza tu mdomoni hadi pembe ambazo zilikuwa bado na amani. Maziwa yangesaidia, lakini ni watu wachache wenye ushujaa wa kuomba maziwa mbele ya umma baada ya kusema kwamba wamezoea.

Faraja hutafutwa kwa mwuzaji wa tuba, apitaye kando ya bahari na kibuyu chake. Tuba ni utomvu wa mnazi, tembo hasa, nayo ililetwa pamoja na minazi yenyewe na Wafilipino waliosafiri kwa merikebu za Wahispania zilizokwenda na kurudi baina ya Manila na Acapulco kuanzia 1565 hadi 1815. Mswahili huliona, hulitambua, na karibu alie kwa furaha, mpaka bilauri inapofika na ndani yake vinaelea vipande vya tofaa na karanga. Mgema wa kwao akisifiwa hulitia tembo maji. Huyu, inaonekana, amesifiwa mpaka akalitia saladi.

Lakini mtihani mgumu ni kuondoka mezani. Mexico, kumletea mteja hesabu kabla hajaiomba ni utovu wa adabu, kwa kuwa ni kama kumwonyesha mlango, na baada ya mlo hufuata sobremesa, kikao cha mazungumzo kisicho na saa. Mgeni, kwa adabu ya kwao, hungoja aletewe. Mhudumu, kwa adabu ya kwake, hungoja aombwe. Na adabu hizo mbili zinaweza kutazamana kwa muda wa saa nzima, kila moja ikitabasamu. Mgeni anapokata tamaa na kuinua kidole, hujibiwa “ahorita”, neno lililofanywa dogo kutoka ahora, sasa, ambalo laweza kuwa dakika hii, jioni, au kamwe. Mswahili, aliyelelewa katika “nakuja sasa hivi” ya mtu ambaye bado hajaoga, alipaswa kulielewa kuliko mgeni mwingine yeyote, lakini hulipokea kama mtoto na kuanza kuhesabu dakika. Jua huzama, mwari hutua juu ya mashua, na hatimaye mhudumu hurudi kwa uso mkunjufu akiwa na samaki mjamzito wa pili, kwa kuwa kile kidole kimoja kimesomwa jikoni kuwa ni samaki mmoja zaidi.