Barua kutoka Tokyo: Kibao Hiki cha Nani?

Vibao vya maduka ya Wachina na vya Wajapani hufanana kwa sababu Wajapani waliazima herufi za Wachina zaidi ya miaka 1,400 iliyopita na mpaka leo hawajazirudisha. Mkopo huo, uitwao kanji, ndio unaomsimamisha Mswahili nje ya kituo cha Ikebukuro, Tokyo, eneo lenye maduka mengi ya Wachina, shingo juu, njaa inamuuma, hajui anakaribishwa na nani.

Nafuu iko kwenye hiragana. Hizi ni herufi za silabi, 46 za msingi, zilizotokana na kanji zilizoandikwa kwa haraka hadi zikalainika na kupinda. Vibao vya Wachina kwa kawaida havina kitu cha namna hiyo. Mgeni asihangaike kuzikariri zote. Ashike moja tu, の. Hutamkwa “no”, na kazi yake kubwa ni ya a-unganifu: ya, wa, cha, la na vya, zote kwa mzunguko mmoja wa kalamu, bila kuuliza ngeli. Kibao chenye の kwa kawaida ni cha Mjapani. Isipokuwa sehemu kama Taiwan na Hong Kong, ambako wauza chai na keki huichomeka katika majina ya maduka kwa urembo tu, ili biashara inukie Ujapani.

Katakana, herufi nyingine za silabi za Wajapani, ni za kona kali na mistari mikavu, nazo hubeba hasa maneno ya kigeni. Kahawa huandikwa コーヒー, na kile kistari kirefu si mapambo: huvuta irabu.

Vikiwepo viduara na vijiti, kibao ni cha Mkorea. Mgeni apite salama.

Kazi ipo kwenye kibao cha kanji tupu. Wajapani walipunguza mistari ya baadhi ya herufi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, China bara ikaanza kupunguza za kwake mwaka 1956, kila mmoja kivyake. Kwenye duka la dawa, China bara huandika 药, Japani 薬, na Taiwan, isiyopunguza kitu, 藥. Ya bara ndiyo iliyonyolewa zaidi.

Hata hivyo zipo herufi zinazofanana kabisa na bado zikamlaza mtu nje. 酒店 Uchina ni hoteli. Japani ni duka la pombe. Mchina anayetafuta kitanda Tokyo huoneshwa chupa, na Mjapani mwenye kiu akiwa Guangzhou huombwa pasipoti.