Baridi Haina Fungu

Shuleni tulifundishwa kwamba Tanzania ni nchi ya joto. Aliyeandika hayo huenda alikuwa mkweli, ila ni wazi hakuwahi kuoga Songea alfajiri ya mwezi wa saba. Mji huu uko zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari, umekaa jirani na milima ya Matogoro, na kuanzia Juni hadi Agosti, msimu ambao watabiri wa hali ya hewa wanauita kipupwe, upepo wa kusini-mashariki unatuingilia bila hodi. Usiku joto linashuka hadi kukaribia nyuzi 10. Wafanyabiashara wanaotuletea viazi kutoka Njombe hutucheka tunavyojikunyata, kwa kuwa kwao hiyo ni hali ya hewa ya kufulia mablanketi. Tunawaacha wacheke. Kila mtu na baridi yake.

Ajabu ni kwamba haijawahi kutukuta tumejiandaa. Mvua tunaijua hadi siri zake: kabla haijanyesha tumeshapanga foleni ya mbolea ya ruzuku, tumeshalima, tumeshagombana juu ya mpaka wa shamba. Lakini baridi, kila Juni inapokelewa kama mgeni aliyepotea njia. "Mwaka huu imezidi," watu wanaambiana, maneno yaleyale ya mwaka jana. Wiki hiyohiyo makoti ya mtumba yanapanda bei. Masweta ya shule yanagundulika yamefupika. Watoto ndio waliorefuka, ila lawama zinaliangukia sweta. Waendesha bodaboda nao wanavaa makoti mbele nyuma kuziba upepo, hata ukimwona mmoja kwa mbali kwenye ukungu wa asubuhi huwezi kujua anakuja au anaondoka.

Nyumbani kwangu vita ya kipupwe hupiganwa bafuni. Shemeji yangu, mtu mwenye huruma, alitutembelea kutoka Dar es Salaam, akaoga mara moja, akatoka ameishiwa maneno. Kesho yake akatununulia hita ya kuchovya kwenye ndoo. Tukawa watu wa heshima. Watoto ambao zamani walilowesha uso, wakapaka mafuta miguuni na kuapa kwamba wameoga, wakaanza kugombea zamu. Furaha hiyo ilikatishwa na mita ya umeme, LUKU.

Hesabu yenyewe iko hivi. Mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo analipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Akivuka, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Kupasha moto ndoo ya lita 20 mpaka mtu aweze kujimwagia bila kupiga kelele kunakula zaidi ya nusu uniti. Chukua nyumba ya watu sita wanaooga kila siku: uniti 75 zinakwisha mwezi ukiwa bado na wiki nzima mbele, na hapo hujawasha taa, hujapiga pasi, hujatazama taarifa ya habari. Ongeza kodi ya majengo, ambayo tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida na inakatwa humohumo kwenye umeme. Ukinunua umeme wa shilingi 2,000 tarehe mosi, unabaki na mwanga wa kutosha kuisoma risiti. Siku hizi hita iko juu ya kabati. Inashushwa kwa ajili ya wagonjwa na wageni wa kutoka Pwani.

Kwa hiyo gari la matangazo lilipopita mtaani likisema Mheshimiwa Diwani atakutana na wananchi kutoa taarifa ya huduma za jamii "pamoja na gharama za maisha katika msimu huu wa baridi", yale maneno ya mwisho ndiyo yaliyojaza uwanja. Kata yetu siitaji jina. Manispaa ya Songea ina kata 21, msomaji achague anayoipenda.

Tuliitwa saa nane. Saa tisa na nusu meza kuu ilikuwa imekamilika, imefungiwa turubai kwa heshima. Sisi wananchi kwa kawaida hukaa chini ya mwembe, lakini hii ilikuwa Julai, na mwembe haukuwa na mtu. Kila mmoja alibeba kiti chake akaenda kuota jua. Jua likasogea, nasi tukasogea. Utambulisho wa wageni ulipofika kwa wajumbe wa kamati ya shule, mkutano mzima ulikuwa upande wa pili wa uwanja, umeipa meza kuu mgongo. Kule chini ya turubai viongozi walikuwa wamekunja mikono kwapani. Mwenyekiti wa mtaa alikwenda akanong'ona na mtendaji, mtendaji akanong'ona na mgambo, lakini itifaki haina kipengele cha kuhamisha meza kuu. Diwani mwenyewe ndiye aliyeokoa jahazi. "Ndugu zangu," alisema kwenye kipaza sauti, "kwa kuwa mimi ni mtumishi wenu, naomba nije huko mliko." Tulimpigia makofi kwa unyenyekevu wake. Waliokuwa karibu na spika walisikia meno yakigongana.

Taarifa ilianza na madarasa, ikapita kwenye matundu ya vyoo, ikagusa barabara ambayo "iko kwenye hatua nzuri" na maji ambayo "changamoto yake inafahamika". Kisha tukafika kwenye gharama. Diwani alitukumbusha tulikotoka: mji huu ulikuwa ukiendeshwa na majenereta, hadi mwaka 2018 tulipounganishwa na gridi ya taifa kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako. "Zamani mlilalamika umeme haupo," alisema. "Leo mnalalamika umeme unakwisha. Hayo ndiyo maendeleo." Uwanja mzima ulipiga makofi, mimi nikiwemo. Kufikiri kulikuja baadaye.

Akaingia kwenye nishati safi ya kupikia. Mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka 2024 unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi, hivyo tuachane na mkaa na kuni, twende kwenye gesi. Mama mwenye genge la mboga karibu na stendi ya bajaji akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, shikamoo. Mtungi ninao, ule wa ruzuku wa kilo 6. Umekaa sebuleni na nimeutandikia kitambaa. Ninachoomba sasa ni ruzuku ya kinachokaa ndani yake."

Hapo mada ya moto ikafunguka, na kila mtu akawa na ushuhuda. Jirani yangu fundi viatu alisimulia habari ya makaa ya mawe. Malori yanayobeba makaa kutoka Ngaka, wilayani Mbinga, hupita hapa mjini kwetu yakielekea bandari ya Mtwara, na yeye kwa muda mrefu aliona ni uchungu moto wote ule upite mbele ya watu wanaotetemeka. Siku moja akaokota bonge lililodondoka barabarani, akalipeleka nyumbani, akalitia kwenye jiko la kawaida la mkaa. Kwanza likagoma kuwaka. Lilipokubali, likatoa moshi wa rangi ambayo mkewe hajawahi kuiona hata kwenye kitenge. Saa tatu usiku familia nzima, pamoja na kuku, ilikuwa nje uani. "Nilitafuta joto," alisema, "nikapata baridi ya nje ambayo sikuwa nayo." Diwani alicheka mpaka akafuta macho, halafu akabadilika sura. Alitusihi tusilale na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu, na mtu hupitiwa na usingizi asiamke. Hapo hakuna aliyecheka. Wote tulijua nyumba ambazo jiko huingizwa chumbani watoto wakishalala.

Ukimya huo ulivunjwa na mzee mmoja mstaafu ambaye hulala na redio sikioni. Alisimama, akavua mzula wake kwa heshima, akasema amesikia kwamba kule Uingereza wazee wana malipo yao ya serikali ya kuwasaidia kupasha nyumba moto wakati wa baridi. Mwaka 2024 serikali yao ikayaondoa kwa wastaafu karibu milioni 10, zikapigwa kelele, na mwaka 2025 ikayarudisha kwa wote wenye kipato kisichozidi pauni 35,000 kwa mwaka. Mzee alimeza mate. "Sasa mimi siombi, Mheshimiwa, nauliza tu. Haya ya kwetu yaliondolewa lini? Maana nimekaa nayasubiri yarudishwe."

Diwani alisema swali ni zuri na atalichukua. Kijana mmoja akamfuata: kikundi chao kinataka mashine ya kufuma masweta, je, wanaweza kukopa kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani nne za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu? Akajibiwa kwamba inawezekana kabisa. Kikundi kisajiliwe, andiko liandikwe, lipite kata, lipite kwa wataalamu, lipitishwe na kamati, mkataba usainiwe, fedha zitoke. Kijana alihesabu vidole vyake kimyakimya. "Basi Mheshimiwa," akasema, "andiko letu tuandike feni."

Nikiwa nimeupa mgongo wangu lile jua la jioni, ndipo nikaielewa siri yote. Mwaka wa fedha wa serikali unafungwa Juni 30 na kufunguliwa Julai mosi. Baridi inaanza Juni: ukiomba msaada unaambiwa fungu limekwisha. Julai imekolea: fungu limefunguliwa, fedha bado hazijashuka. Agosti fedha ziko njiani, na baridi nayo iko njiani, inaondoka. Oktoba fedha zikifika tunatafuta kivuli. Hakuna mtu aliyefanya hila. Baridi ya Songea imeangukia tu kwenye mshono wa miaka miwili ya fedha, na pale kwenye mshono hapana mwenyewe. Bajeti ya halmashauri yenyewe hupangwa mapema katika mwaka, masika yakiwa yanamwagika na kila kata ikililia daraja. Nani atanyoosha mkono mvua ikinyesha aombe mablanketi?

Ningemlaumu Diwani kama nyumba yangu isingeendeshwa vivyo hivyo. Ruvuma inalisha wengi kwa mahindi, na mavuno yanaingia katika miezi hiyohiyo ya baridi. Ukipita mitaani Julai utakuta nyumba ambazo magunia yamefika hadi mlangoni na wenye nyumba wanapita ubavu ubavu. Mali ipo, fedha hazijashuka. Tunasubiri Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula afungue ununuzi, tunasubiri bei ichangamke, tunamfukuza mchuuzi aliyekuja na bei ya kututukana, tunajuta tulipomfukuza. Mtoto akiomba sweta mama yake anamjibu, "Subiri tuuze mahindi." Mahindi yakiuzwa jua limeshawaka, sweta halina haraka tena, na fedha inahamishiwa kwenye mbolea. Sweta la mwanangu wa tatu liko kwenye mpango tangu akiwa darasa la pili. Sasa yuko la tano, na kila mwaka tunamhakikishia kwamba changamoto yake inafahamika.

Jua likawa linazama. Diwani alimalizia na jambo ambalo halikuwa kwenye tangazo. Ofisi ya mtaa imekamilika ila madirisha, na upepo unapeperusha mafaili ya wananchi. Anaomba kila kaya ichangie. Mchango ni wa hiari, akasisitiza, isipokuwa majina ya watakaochangia na ya wasiochangia yataandikwa. Watu wote wakawa wanatazama milima ya Matogoro.

Ndipo mama mwenye genge akasimama tena, akajifunga kanga vizuri, akakohoa kidogo kama walivyofanya waheshimiwa wote waliomtangulia. "Mheshimiwa Diwani, tumelipokea ombi lako, na ni zuri sana. Changamoto ya upepo hata sisi tunaifahamu. Ila mwaka wetu wa fedha sisi wananchi unafunguliwa tukishauza mahindi. Fungu likishuka, tutakujulisha kupitia kwa mwenyekiti wa mtaa."

Diwani alifungua mdomo, akaufunga. Mtendaji, ambaye mkono wake umezoea kazi, alikuwa ameshaandika kwenye muhtasari: imepokelewa, itafanyiwa kazi.